Sahihi ya Baba

Fundi Geti hakuwa mtu wa kuweka sahihi kwenye karatasi asiyoisoma. Zamani, alipokuwa bado na nywele, mteja mmoja alimpa karatasi akamwambia ni ya kupokea mzigo tu, naye akachora jina lake huku anacheka. Kumbe alikuwa amekiri kwa maandishi kwamba geti lililomwangukia mbwa wa yule mteja liling'oka kwa uzembe wake. Tangu siku hiyo hata risiti ya nondo aliisoma mpaka chini kabisa, kwenye namba ya simu ya mchapaji.

Kwa hiyo binti yake alipoingia karakana asubuhi ile, bahasha kwapani, akasema, "Baba, weka sahihi hapa, hapa na hapa, nawahi foleni," Fundi alizima mashine, akavua kofia ya chuma iliyomkinga uso, akapapasa mfukoni kutafuta miwani.

"Foleni haijawahi kumkimbia mtu," alisema. "Lete nisome."

Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Nyumbani na mtaani walimwita Bandeji, kwa kuwa tangu utotoni alifunga vitambaa kila kilichovunjika: mguu wa kuku, shingo ya mdoli, hata kigoda cha jikoni. Hakuna aliyeshangaa aliposema anataka uuguzi. Kilichowashangaza ni jinsi mlango wa uuguzi ulivyokuwa mwembamba.

Alikuwa ameomba vyuo vitatu. Cha kwanza kilikuwa Chuo Kikuu chenyewe, kile ambacho ukisema "chuo kikuu" bila kuongeza neno watu wanajua unasema kipi. Shahada ya miaka minne, hospitali kubwa ya rufaa iko ng'ambo ya barabara, na nafasi sitini tu kwa waombaji elfu moja na mia nne. Cha pili kilikuwa chuo cha hospitali, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Hicho kinatoa stashahada, na wanafunzi wake huingia wodini mwezi wa pili tu. Cha tatu kilikuwa chuo kipya huko mbali, kina majengo yanayonuka rangi, kinatoa shahada sawasawa na wakubwa, lakini hakina hospitali. Bandeji alikiita chuo cha midoli, kwa sababu wanafunzi walijifunzia kuchoma sindano kwenye sanamu za plastiki.

"Chuo Kikuu wote wanaoomba wamefaulu kama wewe," mwalimu wake wa baiolojia alikuwa amemwambia. "Alama hazitakuingiza. Kitakachokuingiza ni barua. Andika kwa nini unataka kuwa nesi, na usiandike kwamba unapenda kusaidia watu, maana hilo wameandika wote elfu moja na mia nne. Andika kilichokuuma."

Barua ndiyo hiyo aliyoishika Fundi Geti, kurasa mbili, mwandiko umelala vizuri kama mchele ulioanikwa. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

*Nilikuwa na umri wa miaka minane na mdogo wangu miaka mitatu. Aliamka akiharisha na kutapika. Mama alikuwa zamu kiwandani. Mimi nilitumwa bombani kuchota maji, na foleni ilikuwa ndefu. Baba alipita nyumbani saa sita mchana. Alimwona mtoto amelegea, akasema atapoa, akarudi karakana kumalizia geti la mteja. Niliporudi na ndoo nilimkuta mdogo wangu macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama kama kitambaa. Sikujua maana yake. Leo najua. Ni kukaukiwa maji, na tiba yake huanza na maji, chumvi, sukari na mtu wa kukaa naye. Mdogo wangu hakukosa dawa. Alikosa mtu.*

Barua iliendelea, lakini Fundi hakuweza kuvuka pale. Alirudi juu, akasoma tena. Mikono yake ilikuwa na weusi wa grinda, na kila alipogusa pembe ya karatasi aliacha alama ya dole gumba.

Chini ya ukurasa wa pili palikuwa na maneno yaliyopigwa chapa: *Mimi mzazi au mlezi nathibitisha kwamba maelezo haya nimeyasoma na ni ya kweli. Taarifa ya uongo itamwondolea mwombaji sifa ya kudahiliwa. Mzazi au mlezi anaweza kuitwa kwenye usaili.*

Alipoinua macho alimkuta binti anamtazama usoni. Haikuwa kawaida yake. Bandeji alikuwa mtoto wa kuongea na wewe huku anaangalia mikono yako. Fundi alidhani anaogopa kugombezwa.

"Umeandika vizuri," alisema.

"Ndiyo hivyo tu, baba?"

"Ndiyo hivyo."

"Hakuna ulichoona hakiko sawa?"

Fundi alijipangusa jasho kwa mkono wa shati. "Herufi zote zimekaa. Mimi mpaka leo nikiandika 'karakana' naruka herufi moja." Akachukua kalamu, akaandika jina lake mara tatu, kuthibitisha kwamba yote hayo ni kweli.

Bandeji alizikunja karatasi akaondoka bila kusema ahsante.

Sasa ukweli wa siku ile ni huu, na waliokuwa wakiujua, kwa hesabu ya Fundi, ni watu wawili tu duniani, yeye na mkewe.

Ilikuwa likizo ya shule. Mke alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha sare, na kiwandani ukikosa siku moja unakuta mwingine amekalia cherehani yako. Alitoka alfajiri mtoto akiwa mzima. Saa mbili mziwanda wao akaanza kuharisha. Fundi alikoroga maji ya chumvi na sukari kwenye jagi, akamkabidhi Bandeji kijiko. "Kila akitapika, subiri kidogo, mpe kijiko kimoja kimoja. Mimi niko karakana. Ukiona mabaya, mbio." Kisha akaenda kazini. Hakuna aliyetumwa bombani siku ile.

Saa sita alirudi kuangalia. Bandeji alimpokea mlangoni mwa chumba, kidole mdomoni, uso umechoka kama wa mtu mzima. "Shhh, baba. Amelala. Usimwamshe, ndiyo kwanza amepata usingizi." Fundi aliona unyayo mdogo umetokeza kwenye shuka. Alimpapasa binti kichwani, akamwambia, "Ahsante, nesi wangu," akarudi kumalizia geti. Hakuingia chumbani.

Saa tisa Bandeji alifika karakana anahema, hana viatu. Saa kumi na moja kasoro, zahanati, nesi akiwa bado anatafuta mshipa wa kuwekea dripu, mtoto akakata roho. Nesi yule aliweka sindano chini akasema, si kwa ukali, kwa uchovu tu, "Huyu hakuwa amelala, baba. Huyu alikuwa amezimia tangu mchana."

Bandeji alikuwa ameketi ukumbini nje ya pazia, ameshika ndara za mdogo wake. Fundi aliapa moyoni kwamba binti hakusikia.

Baada ya mazishi Bandeji hakusema neno kwa siku kumi na nane. Wajomba zake wakawa wanauliza, kama watu wanavyouliza msibani, kwa sauti ya chini yenye meno: alikuwa na nani? Fundi akajibu bila kufikiri. "Nilikuwa naye mimi. Bandeji nilimtuma bombani. Nilimwona mtoto, nikarudi kazini." Maneno yakatoka, yakapata miguu. Wajomba nusura wamchukue dada yao. Majirani walimsalimia kwa nusu mdomo mwaka mzima, na lile jina la Fundi Geti, alilokuwa akilipenda, likawa kila likiitwa linamchoma. Alimweleza mkewe ukweli siku ya tatu, wakakubaliana: mtoto asibebeshwe. Na mtoto aliporudisha sauti, kitu cha kwanza alichosema kuhusu siku ile ni, "Mimi nilikuwa bombani." Bibi yake akasema Mungu amemfutia. Wakashukuru.

Miaka kumi na moja ikapita juu ya jambo hilo.

Mkewe aliiona nakala ya barua wiki ile ile, Bandeji alipoisahau chini ya mto. Fundi alirudi kutoka kazini akamkuta amekaa kitandani, karatasi mapajani, bado amevaa aproni ya kiwanda yenye nyuzi.

"Hii umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Na ukaitia sahihi?"

"Nimetia."

"Unakula naye meza moja," mke alisema, "anakuita muuaji kwa mwandiko mzuri, na wewe unatia sahihi. Baba Bandeji, una akili timamu?"

"Hajaandika muuaji."

"Ameandika nini basi? 'Alikosa mtu.' Mtu gani huyo aliyekosekana, kama si wewe?" Sauti ilimpanda, akaishusha kwa sababu kuta zilikuwa nyembamba. "Leo namwambia. Imetosha. Ni mtu mzima, anakwenda kuwa nesi, atashika watoto wa watu."

Fundi alifunga mlango. "Ukimwambia nitaondoka humu ndani."

"Uende wapi na magoti hayo?"

"Sikutanii. Mzigo huu nimeubeba miaka kumi na moja, mgongo umeshazoea. Yeye ukimtwika leo, atauweka wapi? Na kosa kweli ni langu. Nani humwachia mtoto wa miaka minane mgonjwa? Nani hufika mlangoni asiingie?"

Mke alichomoa uzi mmoja kwenye aproni yake. "Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema mwishowe. "Lakini mtungi nao huchoka." Akairudisha nakala chini ya mto, mahali pale pale.

Majibu yakaanza kufika. Chuo cha hospitali kilimkubali Bandeji mara moja, kikataka athibitishe nafasi kabla ya mwisho wa mwezi. Chuo cha midoli kilimkubali pia, na kwa jinsi kilivyokuwa kinatafuta wanafunzi, kikampa miezi miwili ya kufikiri. Chuo Kikuu kikamwita kwenye usaili, yeye na watu mia mbili wengine. Lakini usaili ulikuwa wiki moja baada ya mwisho wa mwezi. Ndipo nyumba ikaanza kupima.

"Chukua cha hospitali," Fundi alisema wakati wa chakula. "Utakaa nyumbani, utakula nyumbani. Wodi zao zimejaa, ukitoka hapo hakuna mgonjwa atakayekushtua. Shahada utaisomea baadaye ukiwa kazini."

"Baadaye ni lini, baba? Wenye stashahada wanakesha zamu miaka kumi ndipo wanaruhusiwa kwenda kusoma. Mimi nitaamrishwa na watu niliowaacha nyuma darasani."

"Mgonjwa haulizi cheti."

"Haulizi, lakini anayepanga zamu anauliza."

Mama mtu, aliyekuwa akipakua, alisema bila kuinua kichwa, "Usiache mbachao kwa msala upitao. Mia mbili wanagombea sitini, mwanangu. Kile cha hospitali kimeshakuwa chako."

"Na kama nikithibitisha cha hospitali, Chuo Kikuu wananifuta. Mfumo ni mmoja, majina wanayaona." Bandeji alisukuma sahani. "Mwalimu anasema barua yangu ni ya pekee. Amesema wakiisoma hiyo hawawezi kuniacha."

Fundi aliona hatari imekaa mezani pamoja nao. Kama angechukua stashahada, usaili usingekuwepo, wala mtu wa kuuliza. "Bado mimi naona cha hospitali," alisema.

"Unaogopa watakuuliza," Bandeji alisema. Alimtazama tena usoni, kama siku ile karakana. "Si ndiyo? Unaogopa wakikuita."

Mama aliweka mwiko chini kwa kishindo. Fundi alimwonya kwa jicho. "Mimi siogopi kitu," akajibu. "Fanya unavyoona."

Mwisho wa mwezi ulipita, na nafasi ya chuo cha hospitali ikapita nao.

Siku ya usaili Fundi alivaa suruali ya harusi za watu na shati lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama yenyewe. Ukumbi wa jengo la uuguzi ulikuwa na mabenchi pande mbili. Wasichana na wavulana kadhaa walikaa wamenyooka, midomo ikicheza bila sauti, wanatafuna majibu. Wazazi wamekaa kama watu wanaosubiri maiti itolewe. Fundi alijaribu kumnong'oneza binti, "Wakikuuliza kuhusu mimi, jibu ulivyoandika."

Aliitwa saa tano. Robo saa baadaye karani alitoa kichwa mlangoni. "Mlezi wa namba themanini na tatu."

Ndani palikuwa na meza ndefu na watu watatu: profesa mwenye tai, karani anayeandika, na mama wa makamo aliyenyoa nywele fupi, ambaye Bandeji alikuwa amemwonyesha baba yake kwa mbali kwamba ndiye Metroni wa hospitali ya rufaa. Bandeji alikuwa ameketi mbele yao. Fundi alipewa kiti kando yake.

"Mzee wangu, karibu," Metroni alisema. "Binti yako amejibu vizuri. Barua yake imetutoa machozi hapa, sitakuficha. Nina swali la kinesi tu. Nimekaa wodi ya watoto miaka thelathini na moja. Mtoto anayeharisha vile hulia, huomba maji, hutapatapa. Akinyamaza ndipo sisi tunakimbia. Wewe ulipofika saa sita, alikuwa analia au amenyamaza?"

"Alikuwa amenyamaza."

"Ukamgusa?"

Fundi alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, njia nzima alikuwa anayapanga. Hili halikuwemo. "Sikumgusa."

"Kwa nini? Baba anamkuta mwanawe mgonjwa amenyamaza, asimguse?"

Kalamu ya karani ilisimama. Fundi aliangalia viganja vyake, akakuta jibu hapo. "Mikono yangu ilikuwa michafu," alisema. "Ya kazi. Niliogopa kumchafua."

"Si kweli."

Alikuwa Bandeji. Hakupaza sauti.

"Hakumgusa kwa sababu nilimzuia mlangoni. Mimi sikuwa bombani. Mimi ndiye niliyekuwa naye kutwa nzima. Nilimwambia baba amelala."

"Mwanangu, nyamaza," Fundi alisema.

"Nilimwambia asimwamshe."

Profesa alivuta barua karibu, akaigeuza upande wa sahihi. "Kwa hiyo maelezo haya ni ya uongo."

"Ndiyo."

"Na wewe mzee, ulipotia sahihi ulijua?"

Fundi alitafuta mlango mwingine wa kutokea, hakuuona. "Nilijua."

Metroni alivua miwani, akaiweka juu ya meza, akamtazama yule msichana, na kwa muda Fundi alidhani atanyanyuka amshike bega. Hakunyanyuka. "Binti," alisema, "nesi akikosea dozi anatakiwa aseme saa ngapi?"

"Saa ile ile."

"Saa ile ile," Metroni alisema. "Si baada ya kuandika kwamba amekosea mwenzake. Nendeni salama."

Walitoka wakakaa kwenye ukingo wa saruji nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka za hospitali. Watumishi walipita wakisukuma kitanda cha magurudumu chenye gurudumu moja linalolia.

"Umekumbuka lini?" aliuliza.

"Sijawahi kusahau."

Fundi alimgeukia.

"Nilimsikia yule nesi pale zahanati," Bandeji alisema. "Nikasubiri mnipige. Hamkunipiga. Kisha nikakusikia unawaambia wajomba nilikuwa bombani, nikajua umekasirika mpaka hutaki hata niwepo kwenye siku ile. Nikasema na mimi nilikuwa bombani, ili msinichukie zaidi."

"Nilikuwa nakuficha, mama. Nilikuwa nakuficha wewe."

"Nilikuwa na miaka minane, baba. Ningejuaje?"

"Basi kwa nini umeandika vile?"

"Nilitaka ukatae. Nilikuletea mkononi, nikakuuliza, hakuna ambacho hakiko sawa? Ukasifu herufi." Alijifuta pua kwa kiganja. "Nikajiambia kama anasaini, basi na yeye anataka ibaki hivyo. Na chuo pia nilikitaka. Nisikudanganye. Nilikitaka sana."

"Kosa si lako. Mtoto wa miaka minane hana kosa."

"Hilo wote tunalijua," Bandeji alisema. "Nalijua vizuri kuliko wewe, nimelisoma kwenye vitabu. Halinisaidii."

Fundi alitaka kumshika mkono, akaona aibu, kwa sababu ya lile jibu lake la mikono michafu. Wakakaa tu. Kitanda kile kilirudi, safari hii kimefunikwa shuka, na wote wawili wakaangalia chini.

Barua ya Chuo Kikuu ilifika baada ya siku kumi. Mwombaji namba themanini na tatu ameondolewa kwa taarifa isiyo ya kweli, na haruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitatu. Mwalimu wa baiolojia alishika kichwa. "Dakika mbili tu," alisema. "Ungenyamaza dakika mbili tu, binti." Bandeji alikwenda chuo cha hospitali kwa miguu yake kuuliza kama nafasi bado ipo. Msajili alimwonyesha orodha ya wanaosubiri, majina yamejaa pande zote mbili za karatasi. Jirani mmoja alimshauri aingie kama mfagiaji wa wodi, huku akisubiri. Msichana akalifikiria hilo kwa uzito siku mbili nzima, hakulidharau. Mwisho akathibitisha chuo cha midoli. Hakukiita hivyo tena. Alisema "chuo," basi.

Habari za usaili zilifika kwa mama kupitia kwa mumewe, usiku ule ule, na kwa siku kadhaa mama hakusema na yeyote kati yao ila kuhusu chakula na maji ya kuoga. Alikwenda kiwandani, akarudi, akashona sketi nyeupe ambazo chuo kilizitaka. Fundi alisubiri lawama. Alijua amestahili za pande zote mbili: kwa kusema uongo, na kwa kuuacha ukavunjika.

Siku moja kabla ya safari, alasiri, walikuwa watatu sebuleni. Fundi alikuwa sakafuni anatengeneza zipu ya begi kwa koleo. Mama alikuwa anapinda sketi ya mwisho. Bandeji anakunja nguo.

"Alipoamka asubuhi ile," mama alisema ghafla, "aliniulizia?"

Koleo lilisimama mkononi mwa Fundi. Ndipo alipofahamu kwamba kwa miaka yote hiyo mkewe hakuwa na mtu wa kumuuliza. Shahidi alikuwa mmoja, nao wawili walikuwa wameapa kutomgusa.

Bandeji aliweka nguo chini. "Aliuliza umekwenda wapi. Nikamwambia kazini."

"Akasemaje?"

"Akasema, aje."

Mama alipitisha sindano, akavuta uzi mpaka mwisho. "Maji aliomba?"

"Aliomba sana. Nilimpa kijiko, akatapika. Nikampa tena. Baadaye nikaogopa kumpa, kwa sababu akipewa anatapika, nikadhani ndiyo namuumiza."

"Alilia?"

"Mpaka saa tano hivi. Halafu akaacha." Binti aliichukua ile nguo aliyoiweka chini, akaikunja upya. "Nilifurahi alipoacha, mama. Nilifurahi. Nilikaa pembeni yake nikamwimbia."

Fundi alifumba macho. Alitamani aseme inatosha, mwacheni mtoto, kama alivyosema maisha yake yote. Hakusema.

"Ulimwimbia nini?" mama aliuliza.

Bandeji akamwambia. Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu, machozi yanashuka na mikono haiachi kushona. Kisha akasogea kwenye kochi kumpa nafasi.

"Kaa hapa," alisema. "Baada ya hapo?"